Kifaransa na Kesi ya Kuku

Wanaosema mtoto mdogo hashindwi na lugha wanasema kweli, ila husahau kumtaja anayeshindwa. Anayeshindwa ni baba yake. Huku kwetu Mhezi, juu ya milima ya Upare, lugha zilikwisha kutosha: Chasu cha nyumbani, Kiswahili cha gulioni na kanisani, na Kiingereza cha kutufelisha mitihani. Sasa mama mtoto ameongeza Kifaransa. Kijana wetu ana miaka miwili na ushee, ng'ombe bado anamwita mbuzi, lakini kila jioni ana kipindi cha Kifaransa pamoja na wazazi wake wote wawili. Kuhudhuria ni lazima na udhuru haupokelewi.

Mchochezi ni shemeji yangu anayeishi Arusha. Kwa maelezo yake, mjini kule Kifaransa ni pesa. Ilikuwepo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mpaka ikafungwa mwaka 2015, ipo Mahakama ya Afrika, yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya yenyewe imeshakipokea Kifaransa kiwe lugha rasmi. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Kongo 2022. "Shemeji, huyu mtoto akianza leo, akikua ni mkalimani!"

Nikamjibu kwamba Mkongomani wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi, anazungumza Kiswahili, na kwao ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Akishuka basi pale Same ataniuliza choo kiko wapi, na nitamwelekeza bila mkalimani. Shemeji akacheka, akamrushia dada yake bando la mwezi mzima. Bando la bure, huku Upareni, hufunga mjadala.

Mwalimu wa kwenye simu ni mama mmoja mchangamfu asiyepumua. Anasisitiza kwamba mzazi na mtoto wajifunze pamoja: waimbe pamoja, watajiane vitu pamoja, na wakati wa kula wasitumie lugha nyingine yoyote. Hiyo ya kula ndiyo iliyoniumiza. Makande yako mezani yanafuka, chumvi iko upande wa mama mtoto, na mimi sina hata Kifaransa cha kuombea maji, sembuse chumvi. Ninachojua ni kusalimia. Basi nasalimia, mama mtoto anaitikia. Nasalimia tena huku nikiikodolea macho chumvi, naye anaitikia tena, kwa furaha zaidi, akiamini nimependa somo. Mtoto ananyoosha mkono, analia, anapewa kila kitu. Nimeanza kuelewa kwa nini watoto hufaulu haraka.

Halafu kuna ile R yao inayotolewa kooni. Mtoto aliipata papo hapo. Mimi nikapewa mazoezi. Jioni moja niko uani naikoromea, mama yangu akatoka jikoni na kikombe cha tangawizi ya moto, iliyopondwa sawasawa, akanisimamia mpaka nikaona kitako cha kikombe. "Hicho kifua umekiachia muda mrefu," akasema. Tangawizi ya Same si ya mchezo. Nilipomaliza sikuwa na R ya Kifaransa wala ya Kiswahili.

Hesabu nazo ni balaa. Mfaransa akishafika sitini anachoka: sabini kwake ni sitini na kumi, themanini ni ishirini nne, tisini na saba ni ishirini nne na kumi na saba. Mpare anayehesabu chenji mara mbili huku konda akifoka, unamtaka apige hesabu hizo gulioni, jua la utosi? Kisha nikaja kugundua kwamba Wakongomani na Warundi, kwa kuwa Kifaransa chao kilipitia kwa Wabelgiji, husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, wakamaliza. Yaani hao tunaohangaika kwa ajili yao wanapita njia ya mkato, na sisi tunakariri ya mzunguko.

Lakini kilichotufikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji ni wimbo. Upo wimbo wa watoto uitwao Alouette, wa wale Wakanada wanaosema Kifaransa, mtamu kweli. Usipojua maneno utadhani ndege anasifiwa. Ukijua, ni maelekezo ya kumnyonyoa: kichwa, mdomo, shingo, mabawa, kimoja baada ya kingine. Mama mtoto, kwa kufuata somo, aliuimba kwa vitendo, akivuta manyoya hewani. Mtoto akaelewa kutushinda. Kulipokucha tukasikia makelele nyuma ya migomba. Mtetea wa jirani amebanwa kwapani, mkiani yamebaki manyoya mawili, na mwanangu anaimba kwa matamshi safi, R iko mahali pake.

Mnajua wanavyotusema Wapare, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Jirani alifika na manyoya yamefungwa kwenye gazeti, kielelezo namba moja. Akaeleza kwamba mtetea ameacha kutaga kwa fedheha. Mwenyekiti akauliza mtoto alikuwa akifanya nini na kuku asiye wake. Mama mtoto akajibu bila kupepesa: "Alikuwa darasani." Nikalipa mtetea mzima, na yule wa jirani akabaki kwake, anaota mkia mpya. Hilo ndilo bando la bure.

Wafaransa wenyewe hawakujifunza lugha zetu kwa mtindo huu. Padri Charles Sacleux alikuja Zanzibar na Bagamoyo karne ya 19, akakaa na watu, akauliza, akasikiliza, akaandika. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na wataalamu wanaifungua mpaka leo. Hakuwa na ratiba ya saa kumi na mbili jioni wala hakukatazwa kuomba chumvi. Alikuwa na watu wenye shughuli zao, naye akadandia mazungumzo.

Na mtoto ndivyo alivyo. Juzi mbuzi aliingia kwenye maharage. Mwanangu akachomoka na fimbo, akamtukana yule mbuzi kwa Chasu, sentensi ndefu yenye mwanzo na mwisho, lafudhi ya mlimani kabisa. Hajaimbiwa na mtu. Anashinda na bibi yake kutwa, na bibi na mbuzi hawajawahi kupatana.

Mama mtoto anasema hicho hakihesabiki kwa sababu hakina cheti. Mimi nimemfuata mama, nikamwomba amchukue mwanangu rasmi, na mimi nikae nyuma ya darasa, nikamuuliza ada ya mwezi ni kiasi gani. Akafikiri, akasema: ugoro. Nimekubali hapo hapo. Katika ukoo wetu ni mara ya kwanza bei kupita bila kufikishwa kwa mwenyekiti.