Wimbo wa Keki

Harusi ya mdogo wangu tuliifanya Tindiga mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshaingia kwenye magunia na watu wana hela ya kuchangia. Kamati iligawa kazi kwa vigezo vyake: mwenye ng'ombe akatoa ng'ombe, mwenye mdomo akawa MC. Mimi nikapewa muziki kwa sababu nina flashi.

Niliijaza usiku kucha, na "Sina Makosa" ya Les Wanyika haikuweza kukosekana. Wale ni wanamuziki waliokuwa wakipiga na Simba Wanyika huko Nairobi, wakajitoa mwaka 1978 wakaanzisha bendi yao. Besi ya Tom Malanga inatembea kama mtu aliyetoka kulipwa mshahara, magitaa yanajibizana juu yake, hata mwenye goti bovu anajikuta anatikisa bega. Miaka yote nakicheza kibao hicho, nakiimba bafuni, maneno yake nayajua yote. Kuyajua, nasema. Kuyasikiliza ni habari nyingine.

Saa ya keki ikafika. MC akanikonyeza, nikabonyeza. Maharusi wakashika kisu na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Ukumbi wenyewe ni maturubai mawili yaliyoungwa kwa kamba ya katani.

Aliyesikiliza alikuwa mmoja tu. Shangazi alikuwa ametoka Ulaya, ile ya kwetu Kilosa isiyohitaji viza. Shangazi hachezi, miguu inamsumbua, na asiyecheza ana nafasi ya kusikia. Akanyoosha fimbo kwenye spika.

"Hebu nyamazeni! Huyu anayeimba si ana mke kwake? Na huyo anayemlalamikia si mke wa mtu?"

Kimya. Watu wakausikiliza wimbo walioucheza tangu utotoni kana kwamba umetoka leo. Mwanamume anamlilia hawara wake, anashangaa kuchukiwa bure, na bibi harusi ameinua kijiti chenye kipande cha keki, mdomo wa bwana harusi uko wazi, keki haiendi wala hairudi.

"Nani kauweka?"

"Shikamoo, Shangazi," nilisema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Mimi sina makosa."

Watani wetu walikuwa wakisubiri kitu kama hicho tangu posa. Mmoja akapiga magoti mbele ya bibi harusi, akamwomba amsamehe mumewe, ndiyo kwanza ameanza.

Nikarukia haraka wimbo unaofuata. Flashi haina huruma: ikaleta "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka ni wetu, Morogoro Jazz ndiyo iliyomkuza, na tangu ajali ya gari ilipomchukua Mombasa Januari 1979 mkoa huu haujaacha kumsikiliza. Lakini kila kitu na saa yake, na saa yake haikuwa ile keki ikiwa hewani. Bibi harusi alicheka mpaka kipande kikaponyoka, kikatua kwenye kiatu cha bwana harusi, kuku wa jirani akakiwahi. Hapo jenereta ikaishiwa petroli, na kwa mara ya kwanza maishani nikaishukuru.

Zikaletwa ngoma. Nyimbo zile zina mambo mazito kuliko ya Les Wanyika, wenyeji mnazijua, lakini Shangazi alizicheza zote amekaa, kwa mabega.

Asubuhi, akisubiri bodaboda ya kumrudisha Ulaya, aliniita nyuma ya stoo ya mpunga. Akatoa simu yake ya tochi, akabandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, akanionyesha memori kadi.

"Niwekee ule wa jana."

"Wa Mbaraka?"

"Wa keki. Na bwana'ngu akikuuliza, mwambie ni kwaya."