Mhadhara wa Goti

Machifu, wazee wa baraza, wafugaji, nanyi mliofuata harufu ya jibini la Masisi mkijifanya mmefuata elimu: salamuni. Aliye mbele yenu ni Daktari, Profesa na Mhandisi Mkuu wa Magoti Yaliyochubuka. Vyeo hivi nilijitunuku mwenyewe, maana hapakuwa na mwenye sifa za kunitunuku.

Sayansi yangu inatambua magoti ya aina mbili. Goti la Masisi ni la milimani, huchubuka likiteremka. Goti la Walikale ni la msituni, huteleza topeni likakutana na mzizi. Anayedai kuna la tatu hajasoma vitabu vyangu, ambavyo bado sijaviandika.

Mfano ninao. Babu Mnyanga wa Walikale, mjukuu aliyekulia Masisi, na chukudu. Chukudu mwaijua: mbao, magurudumu mawili, pedali hakuna, kiti hakuna. Kiti ni goti lenyewe, limepigwa juu ya kipande cha ndala kuukuu, mguu wa pili ukisukuma. Kupanda ni kwa jasho, kushuka ni kwa imani. Imani ya mjukuu ilimfikisha kwenye kona.

Nilianza papo hapo kufafanua kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, kwamba Masisi ina ng'ombe tele, na kwamba ndiyo maana muuguzi huuliza habari za chanjo. Babu akanikata: "Shika hii bidoni ya maji, umimine." Profesa mzima, bidoni! Niliishika kwa maslahi ya utafiti.

Sabuni ikagusa nyama. Mtoto akajaza kifua tayari kwa kilio. Babu, vidole vyake vikipapasa shavu la mguu, akaanza habari za Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kucheka, usinga mkononi, na baba yake Shemwindo, asiyetaka mtoto wa kiume, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni.

"Na goti yake, Babu?"

"Mule ndani ya ngoma, mujukuu, magoti yote mbili ilichunika."

Kilio kikasahaulika kifuani. Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una lango la maumivu, na kupapasa kunaweza kulifunga. Mimi ningelieleza mapema zaidi kama ningeulizwa. Biebuyck na Mateene nao, walipochapisha utendi wa Mwindo mwaka 1969, hawakunitaka ushauri.

Sasa fumbo la kitaaluma. Kidonda kimeoshwa, kimefungwa kitambaa safi, Mwindo yungali mtoni. Mtoto akavuta kaptula, akamnyooshea babu goti la pili, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Babu akanipa ishara nimimine tena. Nimeliorodhesha fumbo hilo kuwa ugonjwa mpya, unaoambukiza kupitia masikio. Maswali yaletwe kwa maandishi, pamoja na jibini.