Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Waswezi Wasiandikwe kwa Mdomo Mmoja

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Dodoma.

Kwa heshima na taadhima, nikijua mezani kwako pana majalada mazito kuliko karatasi ya mtu wa Urambo, naomba uniruhusu nikuchoshe kidogo. Ningeweza kupitisha barua hii ofisi kwa ofisi, kama adabu inavyotaka. Nimeiandika hadharani kwa kuwa wenye neno hili ni wengi, nao wangependa kusikia nimeombaje kwa niaba yao.

Sisi tunaokusanya habari za Waswezi tuna ubishi usiokwisha. Mheshimiwa unafahamu kuwa Waswezi ni chama cha siri cha Unyamwezi na Usukuma, na watu hawakiingii kwa kupenda tu. Mtu huugua, mfumu, yaani mganga, hupiga ramli, ikaonekana mizimu inamtaka. Ndipo anapoingizwa, wanaume kwa wanawake, akapewa jina jipya, akafundishwa lugha ya ndani na kula kiapo. Hapo hatubishani. Ubishi huanza tukifika kwa Lyangombe, mkuu wa mizimu hiyo.

Mmoja wetu huleta simulizi la Rwanda, ambako Ryangombe ni mwindaji aliyeuawa na nyati. Mwingine huleta la Burundi, ambako Kiranga ndiye huyo huyo. Wa tatu hupanda hadi Bunyoro, kwa Wachwezi wa Kitara, akina Ndahura na Wamara, akasema mizizi yote iko huko. Kisha mzee aliyekuwa kimya siku nzima hutuambia kwamba Lyangombe aliyerithishwa yeye ni wa hapa hapa, na hajapata kusikia habari za safari yoyote. Karatasi zinarushwa mezani, sauti zinapanda, na kila mmoja anataka simulizi lake liwe ndilo, mengine yawekwe pembeni kama makosa.

Naomba radhi kwa kusema wazi: nimewapinga wenzangu wote watatu, na huyo mzee pia. Urambo ipo sehemu ya magharibi ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Vijana wa Kinyamwezi walipagaa pembe na vitambaa miaka nenda rudi, wakalala kambi moja na watu wa Uha, Uvinza na Manyema. Naamini simulizi liliingia na kutoka kwa mlango huo, likibadilika kila lilipolala. Kwa hiyo kumtafuta Lyangombe mmoja aliye sahihi ni kufuta historia yenyewe tunayodai kuilinda.

Jambo moja tu sikubali liwe na matoleo mawili. Wapo wanaowachanganya Waswezi na rugaruga wa Mtemi Mirambo. Rugaruga walikuwa vijana wa vita, wengi wao waliotengana na koo zao, waliovaa manyoya na nguo nyekundu ili watishe. Msafiri Stanley alikutana na Mirambo mwaka 1876, na Dakta Ebenezer Southon wa London Missionary Society akaishi Urambo tangu 1879 hadi kifo chake mwaka 1882. Hao walimwona Mirambo kwa macho yao. Jeshi lake lilikuwa jeshi. Kulifanya chama cha siri ni kumpunja Mirambo na kuwasingizia Waswezi damu wasiyoimwaga.

Na kusingiziwa huko si mchezo, Mheshimiwa. Vijana wetu wamekulia kwenye filamu na uvumi wa Freemason wanaotoa watu kafara ili wapate utajiri; wakisikia chama chenye kiapo akili zao zinakimbilia huko. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa Freemason wa Afrika Mashariki, aliandika kitabu chake A Knight in Africa mwaka 2005 kwa jina lake mwenyewe, na watu wakapata wa kumuuliza. Bibi Mswezi wa kijijini hana kitabu. Katika mikoa yetu ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, sentensi moja ya kizembe kwenye kitabu cha shule inaweza kumfikia mlangoni.

Sasa naomba kwa unyenyekevu nifike kwenye haja yangu. Yaliyoandikwa kwa makini juu ya Waswezi yapo kwa lugha za watu. Mmisionari wa Kimoraviani Wilhelm Blohm alichapisha juzuu tatu za Wanyamwezi kwa Kijerumani kati ya 1931 na 1933. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika kwa Kiingereza habari za Wayeye, wacheza na nyoka, mwaka 1946, akachapa michoro ya kuta zao mwaka 1953, na mwaka 1955 akatoa makala ya Waswezi katika jarida la Marekani. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakala zake zikiletwa Tabora, wazee wenyewe wangeweza kusomewa walichosemewa na kukisahihisha.

Wenzangu wengine wanadai kwamba kwa kuwa Cory alishachapa mambo ya ndani, siri imekwisha, tuyatafsiri yote. Mimi nasema hapana. Ukurasa wa 1955 haukumfungua mtu kiapo chake, na mtoto wa darasa la sita hana haki ya neno ambalo bibi yake aliugua ndipo akapewa. Nchi yetu iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, na mkataba huo unataka jamii yenye urithi ishirikishwe kwa upana katika kuulinda. Mheshimiwa hahitaji kukumbushwa na mimi; nimeutaja ili msomaji mwingine ajue sijaomba upendeleo.

Basi, ikikupendeza, siku wizara yako itakapopitisha maandishi yoyote juu ya Waswezi, yawe ya kitabu au ya bango la makumbusho, yaelekezwe kuweka kila simulizi na mahali lilipotoka: hili la Urambo, hili la Usukuma, hili la Rwanda. Pasiandikwe kwamba moja ndilo la kweli. Na Waswezi waulizwe kwanza, wanawake wao wakiwemo, ni lipi libaki ndani. Wakikataa, ukurasa huo uachwe mtupu, na iandikwe kwamba wameombwa wakakataa.

Nabaki mtiifu wako, nikisubiri kwa subira,
Mwandishi wa Urambo