Kosa ni la Mti

Upepo wa masika ukipita mtaani Upanga, asubuhi mkrismasi mkongwe umelala juu ya gari, na hukumu imeshatoka: mti ulikuwa mzee. Kumbe! Wa bomba waliukata mizizi upande huu, wa umeme wakaufyeka matawi upande ule, mwenye duka akaumwagia zege hadi shinani, mganga naye akaupigilia tangazo la nguvu za kiume. Mizizi inayoushikilia mti husambaa karibu na uso wa ardhi, palepale tunapochimba mitaro. Sasa wakazi wanataka na miti mingine ikatwe, eti kwa usalama. Sawa. Januari tutawaona wakizunguka mtaa mzima kutafuta kivuli cha kuegeshea hayo magari yaliyonusurika.