Feni Iliyogoma

Februari Moshi mjini jua halina huruma, na AC ya gari letu ilikuwa inapuliza hewa ya vuguvugu. Baba Neema akasema gesi imeisha. Shemeji akaapa ni kompresa. Fundi wa kwanza hata geji hakuweka. Akajaza gesi, akapokea hela yake, na jioni tulipoegesha sokoni joto likarudi vilevile.

Jumamosi tukaenda Marangu kumjulia hali mama mkwe. Tulipoiacha Himo na kuanza kupanda, gari likawa baridi mpaka watoto wakadai masweta. Baba Neema akashangilia, "Si nilikwambia gesi?" Kumbe mlima nao ulisaidia: kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi kama 6. Kurudi, na mkungu wa mshare nyuma ya viti, tukasimama Himo kununua vitunguu. Joto lilitupokea hapohapo, mtoto mdogo akaanza kulia.

Jumatatu nikalipeleka gari mwenyewe kwa fundi mwingine, Majengo. Kabla ya kugusa chochote akauliza, "Mama, likitembea linapoa, likisimama linapuliza joto?" Nikamwambia ndivyo. Akafungua boneti, akaniomba niwashe AC. Kompresa ikashika, tak! Feni ya kondensa haikugeuka. Mshale wa geji ya presha ya juu ukapanda kupita kiasi. Akachukua jagi la maji, akaimwagia kondensa taratibu. "Weka mkono hapo ndani, mama." Hewa ilikuwa baridi ya Kibosho alfajiri.

Gesi ikishindiliwa na kompresa hupata joto kali, na joto hilo lazima litolewe kwenye kondensa, mbele ya rejeta. Gari likitembea, upepo wa njiani hulitoa. Likisimama, kazi ni ya feni. Yetu kaboni za mota zilikuwa zimeisha, na gesi tuliyoongezewa ilizidi kupandisha presha. Fundi akaivuta iliyozidi kwa mashine, hakuiachia hewani. Alifanya vyema: gesi hiyo, R134a, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ukaa, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za jamii yake.

Tulibadilisha feni tu. Ndugu msomaji, gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja mahali. Fundi akikimbilia mtungi kabla ya geji, funga boneti uondoke.