Si Samli

Samli ya shangazi yangu haikuvuka uwanja wa ndege. Alitoka nayo Tanga, chupa ya lita moja iliyozungushiwa nailoni tatu na kipande cha kanga, afisa wa forodha akaifungua, akainusa, akaitia kwenye pipa. Nikamweleza shangazi kwamba Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka nje. Akaniuliza ng'ombe wa huku wana nini ambacho ng'ombe wa Pangani hawana. Jibu sikuwa nalo, lakini nilijibu. Huo ulikuwa mwaka wangu wa sita Stuttgart, na nilikuwa nimejiapiza kwamba katika siku tisini za viza yake hataniuliza jambo la Ujerumani nikakosa la kusema.

Basi nikawa mwalimu. Nilimfundisha taka ipi inaingia pipa lipi. Nilimfundisha Kehrwoche, desturi ya watu wa Schwaben ya kupokezana zamu ya kusafisha ngazi za jengo: kibao kinatundikwa mlangoni kwako, na wiki hiyo ngazi ni zako, huna udhuru. Kibao kilikuwa kwetu wiki hiyo. Shangazi alikitazama akasema kwao kinachotundikwa mlangoni ni hirizi.

Siku ya nne akauliza habari za kabati la mwenzangu, Mjerumani tunayechangia naye nyumba, maana lilikuwa na kufuli na mwanga mweupe ukichungulia kwenye ufa. Nikamwambia bila kupepesa macho kwamba mle kuna bangi, na kwamba ni halali. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima Ujerumani anaruhusiwa kutembea na gramu 25, kuweka gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu.

"Tarehe moja Aprili," shangazi akasema. "Siku ya wajinga."

"Ni sheria ya Bunge, shangazi."

"Sijakataa."

Mwenzangu ni mtu wa sheria mpaka kwenye kucha. Miche yake ni mitatu, si minne. Kufuli lile pia ni la sheria, inayomtaka mwenye miche aizuie isifikiwe na watu wengine. Sheria hiyo haiishii kabatini, inafika mpaka kwenye friji, ila hilo alilisahau.

Jumamosi mwenzangu alikuwa safarini, nami nikaamua kumpikia shangazi Käsespätzle, chakula ambacho mtu wa Schwaben hupikiwa na bibi yake akitoka kwenye baridi au akiachwa na mchumba. Ni tambi fupi fupi zisizo na umbo, na inasemekana Spätzle maana yake ni shomoro wadogo. Unga, mayai, chumvi, maji kidogo, unapiga kwa mwiko mpaka donge litoe mapovu na mkono ukuulize una kosa gani. Kisha unalitandaza juu ya ubao uliolowa, unakwangua vipande vyembamba kwa kisu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Vikielea vimeiva. Unavipanga kwenye bakuli tabaka kwa tabaka na jibini la kukuna, unatia kwenye oveni, halafu juu unamwagia vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya mbao za mvule. Kwa siagi. Nyingi.

Siagi yangu ilikuwa imekwisha. Nyuma ya friji nikakuta kopo la kioo lenye siagi ya kijani, na juu yake karatasi imeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Kräuter!!!" Sasa, Kräuter ni majani ya kukolezea chakula, na Kräuterbutter ni kitu kinachouzwa kila duka la nchi hii, siagi yenye kotimiri na vitunguu majani. Zile alama tatu za mshangao nilidhani ni mapenzi ya mtu kwa siagi yake.

Shangazi akalichukua kopo, akanusa kama yule afisa wa forodha.

"Samli hii ina harufu ya jalala lililochomwa."

"Si samli, shangazi. Ni siagi ya majani. Wajerumani ndivyo wanavyoila."

Akanirudishia. Shangazi yangu hubishana mara moja tu, baada ya hapo anakuacha na Mola wako.

Nilitia vijiko viwili kwenye tambi na kimoja kikubwa kwenye vitunguu. Mezani shangazi akasema jibini linanuka soksi, akajipashia wali wake wa mchana. Mimi, kwa uchungu wa mpishi, nikala sahani yangu na ya kwake.

Kwa saa moja na nusu hapakuwa na lolote. Baadaye mwenzangu alinieleza, kwa utaratibu uleule anaonielezea bili ya umeme, kwamba bangi ya kuvuta hupanda upesi, lakini ya kuliwa hupita kwanza tumboni na kwenye ini, ikachukua nusu saa mpaka saa mbili, na ikishapanda haina haraka ya kushuka. Haikamatani na maji, inataka mafuta. Nami nilikuwa nimeipatia mafuta, jibini na sahani mbili.

Ilipogonga saa nne usiku, nikakumbuka ngazi. Sikuzikumbuka kama mtu anavyokumbuka kazi. Niliona wazi kabisa kwamba zinaningoja, na kwamba zimeumia. Nikachukua ndoo na tambara nikatoka kupiga deki, saa ileile ambayo Ujerumani nzima inatakiwa inyamaze. Kila kidato nilikiomba radhi kabla ya kukikanyaga. Nilipofika cha saba nikasahau kama napanda au nashuka, nikaketi, nikamwita shangazi anisaidie kuamua.

Akatoka na kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, akaniinua kidevu, akanitazama macho.

"We mtoto umekula bangi."

"Ni Kräuterbutter," nikasema, na neno lile likawa refu ajabu, nikaona mwisho wake uko mbali, nikaanza kulia.

Mlango wa chini ukafunguka. Jirani yetu ni mzee mstaafu ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hajaniambia zaidi ya "siku njema". Alikuja kukemea kelele, akakuta ngazi zinang'aa, akasita. Shangazi hajui Kijerumani, mzee hajui Kiswahili. Shangazi akaingia ndani akarudi na kopo, akalinyoosha, akanionyesha mimi kwa kidole, kisha akaweka vidole viwili mdomoni akapuliza moshi usiokuwapo. Mzee akanusa. Akasema "Aaah," nao wakatikisa vichwa kwa pamoja, kama wazee wa baraza moja.

Mzee ndiye aliyepiga 116117, namba ya daktari wa zamu kwa mambo yasiyofikia ya gari la wagonjwa. Nilimsikia akiulizwa nimekula nini. "Spätzle," akajibu, na sauti yake ilikuwa na fahari. Kisha, baada ya kimya: "Hapana, amezikwangua mwenyewe. Kwenye ubao." Ilibidi aulizwe tena ndipo akafika kwenye siagi. Wakamwambia nikae mahali patulivu, nipewe maji, nisiachwe peke yangu, na kifua kikiuma au nikipoteza fahamu ipigwe 112. Nikakalishwa kwenye kochi. Shangazi upande huu na tasbihi, mzee upande ule na suruali ya kulalia, wakinilinda mpaka karibu saa tisa usiku, wakizungumza kila mtu kwa lugha yake. Nilielewa lugha zote mbili na sikuelewa neno.

Mwenzangu aliporudi Jumatatu aliomba radhi rasmi, kwa barua, kisha akauliza kama zile tambi zimebaki. Shangazi alikuwa ameshazitupa, na alitupa kwenye pipa sahihi. Kopo alilirudisha kwenye friji, maana mali ya mtu ni mali ya mtu, ila akabandua ile karatasi ya kalamu ya risasi akabandika yake, kwa wino mwekundu, herufi kubwa: SI SAMLI.

Amekwisha rudi Tanga. Karatasi bado ipo. Wiki iliyopita mwenzangu alikuja na rafiki zake watatu, nikamsikia jikoni akiwafundisha, kwa sauti ya mwenyeji anayeijua Afrika, kwamba kwa Kiswahili kitu hiki kinaitwa sisamli.