Madaktari wa Mtaa wa Kongo

Ukitaka kupimwa bure Dar es Salaam, usijisumbue kupanga foleni hospitali. Uwe tu na mabaka meupe vidoleni na pembeni mwa mdomo kama mimi, kisha uingie Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kabla hujatokezea Mtaa wa Uhuru utakuwa umeshatajiwa magonjwa ambayo hata Muhimbili hawajayasikia.

Muuza mitandio anasema nimerogwa. Wa vitunguu swaumu anasema ni damu chafu. Kijana wa dawa za mitishamba, ambaye spika yake inaimba "mba, fangasi, mapunye, miguu kuwaka moto" kutwa nzima, akiniona anaizima kwa heshima, anasogea na kichupa kisicho na lebo: "Mzee wangu, hii siku saba tu." Wadada wa vipodozi wao wana jibu moja: mkorogo umenidunda. "Pole baba, ulipaka upi?" Na wanaouza ni wao!

Ni vitiligo, jamani. Kinga ya mwili inageuka kuziua seli zinazoipa ngozi rangi. Haiambukizi, na yangu haiwashi. Kinachowasha ni ushauri. Humpata mtu mmoja hivi katika kila mia, kwa hiyo kwenye msongamano wa Kariakoo wenzangu wapo wengi, ila wamejificha ndani ya mikono mirefu na joto lote hili.

Vijana wa kijiweni wananiita Maiko. Michael Jackson alifika Dar mwaka 1992, na mwaka uliofuata akamweleza Oprah Winfrey kwamba ana tatizo hili hili. Yeye alihojiwa na Oprah. Mimi nahojiwa na kila kondakta.

Kinachonikera hasa ni hofu yenye ubaguzi. Kuna mwenye duka nikimnyooshea mkono ananipa kiwiko. Nikimpa noti, anazipokea kwa mikono miwili, analamba kidole, anahesabu, analamba tena. Kumbe mgonjwa ni mimi, hela yangu ni nzima!

Jioni kituoni Gerezani ndiyo kabisa. Mlango wa mwendokasi ukifunguka, wale wale waliokuwa wananikwepa wananilalia, wananikanyaga, wananipumulia shingoni. Juzi nikaona nijikune kwa nguvu, labda nitapishwa siti. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanitazama kuanzia vidole hadi mdomo.

"Jikune tu baba," akasema, "ila sogea ndani, wengine bado tuko nje."